Pembe za Ng'ombe wa Udongo

Daktari aliniuliza binti yangu alikuwa akicheza michezo gani alipokuwa mtoto.

Nilidhani sikusikia vizuri. Siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimeitwa kutoka Bokoli na mwanamke anayeuza viatu karibu na kibanda cha binti yangu mjini Bungoma. "Mzee, mtu wako ameanguka hapa kwa cherehani," alisema kwenye simu. "Kuja haraka." Nilimkuta wodini, dripu mkononi, midomo imekauka kama ya mtu aliyetembea jangwani. Walisema ni malaria, lakini malaria peke yake haimwangushi mtu mzima namna ile. Shinikizo la damu lilikuwa limeshuka mno na chumvi mwilini karibu iishe. Wakampima damu, wakatuma nyingine ipimwe Eldoret, na majibu yaliporudi daktari akanivutia kiti kando ya kitanda. Mama yake alikwisha kufa. Hapakuwa na mwingine wa kuulizwa habari za utoto wake ila mimi.

Daktari mwenyewe alikuwa msichana. Angeweza kuwa mjukuu wangu. Akaniuliza kama mtoto alirefuka upesi kuliko wenzake. Nikasema ndiyo, halafu akasimama pale pale, wenzake wakampita. Sauti ilikuwa nzito? Ndiyo.

"Na michezo, mzee? Alipenda kucheza nini? Na nani?"

Binti yangu alikuwa amegeukia ukuta. Nilijua hajalala, kwa sababu bega lake lilikuwa limekaza.

"Alicheza na wavulana," nikasema.

Daktari akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa hunywa chai. "Michezo gani hasa?"

Nikamweleza habari za ng'ombe wa udongo. Akaandika, akaitikia tena, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Maisha yangu yote nilikuwa nimelibeba jambo hilo kama aibu ya ukoo, na huyu alikuwa akilipokea kama habari ya kawaida. Lakini sikumweleza lote. Hapa nitalieleza.

Nilipewa mtoto huyo nikiwa kijana, mwenye cheti cha sekondari na kazi ya kutunza stoo ya mahindi Kitale. Nilipanga chumba huko huko, mtaa wa Tuwan. Mke wangu alikaa kwetu Bokoli, akilima shamba na kumtunza mama yangu. Mtoto tulimpa jina la mama yangu, na kwetu baba mwenye binti aliyechukua jina la mama yake humwita "mama". Ni mzaha, na pia si mzaha. Nikifika nyumbani nilikaa kwenye kigoda na kumwita, "Mama, umenipikia nini leo?"

"Sijapika," angejibu. "Ng'ombe wamepotea, nawatafuta."

Ng'ombe wake walikuwa wa udongo. Aliutoa kijitoni chini ya shamba, udongo mweusi unaonata, na alianza kuufinyanga kabla hajajua kufunga vifungo vya nguo yake. Wasichana wenzake walifinyanga vyungu na masufuria, wakabeba magunzi ya mahindi mgongoni kama watoto, wakapikiana majani. Yeye alipitia katikati ya jikoni zao bila kuangalia, akaenda kukaa na wavulana. Hakukatazwa na mtu kubeba gunzi, wala hakuna aliyemfundisha kuliacha. Alikuwa hivyo tu, kama mkono wa mtu unavyojua wenyewe kwamba ni wa kushoto.

Wavulana wangemfukuza kama si pembe. Kila mtoto anayefinyanga ng'ombe anajua taabu ya pembe: udongo ukikauka zinapasuka na kuanguka. Za binti yangu hazikuanguka. Zilikuwa ndefu, zimepinda vizuri, na alipowaanika ng'ombe wake ukingoni mwa baraza walikauka na pembe zao zote. Nilisikia siku moja wavulana wakimbembeleza.

"Si utuambie tu unazishikisha na nini?"

"Siwaambii."

"Wacha roho mbaya, bana. Nitakupa ng'ombe wangu mmoja."

"Ng'ombe gani? Hao wako hawana pembe, hao ni nguruwe!"

Wakaangua kicheko, hata yule aliyetukanwa. Mimi pia nilicheka, nikiwa nyuma ya ua. Nilicheka, nalikumbuka hilo. Kwa hiyo siwezi kusema sikuwahi kumwona alivyokuwa.

Safari moja nilimletea mwanasesere kutoka Kitale, wa plastiki, mwenye nywele za manjano na macho yanayofumba akilazwa. Akakishika kile kitu kwa mikono miwili na kunishukuru kwa adabu. Niliporudi safari iliyofuata nilimkuta yule mwanasesere barazani, amekatwa nywele zote, amefungwa kwa kamba ya mgomba kwenye plau ya vijiti, na mbele yake ng'ombe wamefungwa nira.

"Mbona umemnyoa?" nikamuuliza.

"Mtu wa kulima hana nywele kama hizo, baba. Zitaingia kwa plau."

Mke wangu alitoka jikoni, akaona, akacheka mpaka akaketi chini. "Angalia, baba wewe! Mzungu amepata kibarua!"

Mama yangu ndiye hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye mkeka wake akipukuchua mahindi. Alisema polepole, bila kuinua macho, "Si nilisema? Ni ile plau."

Wazee wa nyumbani kwetu walishikilia kwamba mwanamke mwenye mimba hakamati mpini wa plau. Akiukamata, mtoto aliye tumboni huanza kulima kabla hajazaliwa. Akiwa wa kike, atatoka na mikono ya kiume. Na mke wangu aliukamata. Mvua ilikuwa imeanza, majirani walikuwa wamekwisha kupanda, na mtu wetu wa kulima alikuwa ameondoka. Mimi nilitakiwa niwe nyumbani. Nilikuwa Kitale na sababu zangu, na leo nikizipanga zote mbele yangu sioni hata moja ya maana. Basi yeye, tumbo likiwa limetokeza, akawafunga ng'ombe nira, akalima shamba lote, na mwaka ule tulikula.

Sikuwahi kumshukuru. Neno la mama yangu lilipoingia sikioni mwangu lilikuta mahali pa kukaa. Nilikuwa mtu wa sekondari, niliyesoma mfumo wa uzazi wa sungura na kuuchora kwa penseli, lakini niliamini habari ya plau. Niliiamini kwa sababu ilinifaa. Kama kosa lilikuwa la plau, lilikuwa la mke wangu, na hapakuwa na haja ya kuuliza mwenye shamba alikuwa wapi.

Tangu hapo kila mtoto aliporudi na magoti yenye matope nilimwambia mama yake, "Mavuno yako hayo." Mwanzoni alinyamaza. Baadaye aliacha kucheka mbele yangu.

Ukaja Agosti wa mwaka wa kutahiri. Wavulana wanaojiandaa huzunguka kwa jamaa zao wakipiga kengele za mkononi na kucheza, na kundi kubwa la watu likiimba nyuma yao. Kundi moja lilipita kwetu. Nilikuwa na wageni barazani na pombe ilikuwa imezunguka. Nikaona mbele kabisa, kando ya mvulana mwenyewe, binti yangu, ana vyuma viwili vya jembe bovu mikononi, anavigonganisha na kurusha mabega kama wao. Alikuwa na furaha ambayo sijaiona usoni pa mtu mwingine.

Shangazi yake mmoja, mtu wa maneno mengi, akapaza sauti kutoka kwenye kundi: "Ndugu yangu! Na huyu wako naye, tumtafutie matope mwaka gani?"

Matope ni yale anayopakwa mvulana mtoni alfajiri kabla ya kisu. Watu walicheka mpaka wimbo ukakatika. Mzee mmoja aliyeketi karibu nami akanigonga goti: "Ati unatuficha kijana, bana! Sema tulete jogoo wa tohara."

Ulikuwa mzaha tu. Mtu mwingine angejibu mzaha mwingine, na jioni ingepita. Mimi niliinuka. Nilimpiga mbele ya watu, kwa kiboko cha ng'ombe kilichokuwa kimening'inia mlangoni, na hakuna aliyecheka tena. Mke wangu alinishika mkono, nikamsukuma. Mtoto hakulia. Alikuwa ameshikilia vile vyuma kifuani, akinitazama kama mtu anayesubiri mvua ipite.

Huko kutolia ndiko kulikonitia wazimu. Nikaenda ukingoni mwa baraza alikokuwa ameanika ng'ombe wake, nikainua mguu. Nilipomkanyaga wa kwanza akasema, kwa sauti ya kunionya tu, kana kwamba nimekosea njia:

"Baba, huyo bado hajakauka."

Nikawakanyaga wote. Hapo ndipo alipolia.

Baada ya siku ile sikumwita tena "mama". Sikuamua, neno lenyewe lilikataa kutoka. Shule zilipofunguliwa nilimchukua kwenda Tuwan, nikamtenga na kijito, na wavulana, na mama yake. Hapo nilipopanga palikuwa na ua wa saruji, nyumba zimekabiliana, na jirani mshonaji niliyempa mtoto amfundishe cherehani kila atokapo shule. Nilimkataza kutoka nje ya lango. Watoto wa pale walicheza mpira wa makaratasi barabarani, na kelele zao zilitufikia tukila. Mwanzoni aliinua kichwa kila walipopiga kelele. Baadaye hakuinua.

Mshonaji alimsifu. "Huyu msichana wako ana mkono, baba. Mshono wake umenyooka kuliko wangu." Majirani nao walimsifu: mtulivu, mwenye heshima, hasikiki. Nilijivuna. Nilipokwenda Bokoli nilimwambia mke wangu, "Unaona? Ilitaka mtu wa kumshika tu." Yeye alikuwa akichambua mboga. Akasema, "Mwambie nimemsalimia," akaendelea kuchambua.

Nilimwoza mapema. Mtoto hakupatikana, na mume alimrudisha kwa maneno ambayo sitayaandika, yanayohusu sauti yake na nywele za kidevuni. Nilipoyasikia maneno hayo sikumtetea. Nilimtazama mke wangu. Ndiyo, hata wakati huo, nilimtazama kwa jicho lile lile la plau, naye akainuka akatoka nje. Binti yetu hakukaa kwetu. Alihamia Bungoma, akafungua kibanda cha kushona sare za shule, akaishi peke yake. Alirudi Bokoli siku ya kumzika mama yake, akasimama upande wa wanawake, akaondoka kabla ya chakula.

Ndiyo maana pale wodini, daktari alipoanza kueleza, nilishikilia ukingo wa kiti.

Alieleza kwa Kiswahili chepesi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Kwa watu wachache, tezi hiyo haiwezi kutengeneza kitu fulani ambacho mwili unakihitaji ili kushinda ugonjwa na kutunza chumvi. Mwili unaisukuma ijitahidi, nayo katika kujitahidi inamwaga kwa wingi homoni nyingine, ile ambayo wanaume wanayo nyingi. Hali hiyo huanza mtoto akiwa tumboni, miezi ya mwanzo kabisa.

"Ndiyo sababu nikakuuliza michezo," akasema. "Wasichana waliozaliwa hivi, wengi wao hupenda michezo ya wavulana. Si wote. Na haimaanishi si wasichana. Ni wasichana, wanapenda tu kile wanachopenda. Mtu hawezi kuwapiga kikatoka."

Hakujua alichokuwa amesema.

"Na plau?" nikamuuliza.

"Plau gani, mzee?"

"Mama yake alishika plau akiwa na mimba yake."

Akanitazama kwa upole, upole ambao watu humpa mzee anapoanza kupotea. "Plau haina neno hapa. Hii hurithiwa. Na ni lazima itoke kwa wazazi wote wawili. Nusu kwa mama, nusu kwako."

Nusu kwako. Nililitazama bega la binti yangu. Nilitaka kumwambia mke wangu jambo, lakini mke wangu alikuwa chini ya migomba, Bokoli.

Daktari alimwandikia vidonge vya kumeza kila siku maisha yake yote. Kama vingeanza utotoni, alisema, mengi yangekuwa nafuu: angeongezeka urefu, pengine angezaa. Kisha akaenda kwa mgonjwa mwingine. Mimi na binti yangu tukabaki. Hakugeuka. Nilikaa mpaka wakati wa kuona wagonjwa ukaisha, nikiyatafuta maneno, na mlinzi akaja kunitoa kabla sijayapata.

Niliyapata baadaye, au nilidhani hivyo. Alipotoka hospitali na kurudi kazini nilimfuata kibandani. Alikuwa akishona sketi za bluu, rundo upande huu na rundo upande ule. Akanivutia kigoda, akamtuma mtu chai. Adabu yake haijawahi kupungua. Ningefurahi kama ingepungua.

Nikamwambia, "Nimekuja kusema kwamba haikuwa kosa lako. Umemsikia daktari. Ni homoni. Ulizaliwa nazo."

Aliendelea kukanyaga cherehani mpaka mwisho wa pindo. Akakata uzi kwa meno.

"Kwa hivyo sasa nimesamehewa," akasema.

"Si hivyo..."

"Na kama damu ingerudi kutoka Eldoret haina kitu, baba? Kama ningekuwa mzima wa afya, niliyependa tu ng'ombe? Ungekuja?"

Yule muuza viatu alikuwa ameacha kupanga viatu vyake. Chai ililetwa, ikawekwa kati yetu. Jibu nililo nalo leo ni hili, na si zuri: nisingekuja. Nilihitaji tezi na figo na msichana wa koti jeupe ili nimwone mtoto niliyemwona kwa macho yangu mwenyewe nyuma ya ua, nikacheka.

Nikajaribu njia nyingine. Mtu anayezama hushika hata jani. Nikamwambia mvua iko karibu, kwamba jirani yangu bado ana ng'ombe wa kulima, wazuri, watulivu; aje nyumbani akamate plau, alime sehemu yoyote anayotaka, na hakuna mtu atakayesema neno.

Hapo alicheka. Kicheko kidogo cha puani, hakikuwa cha uchungu. "Na huu mgongo? Nimekaa kwa cherehani tangu unilete Tuwan. Siwezi hata kuinua ndoo." Akanyoosha sketi juu ya paja. "Ile hamu ilikuwako, baba. Nilikuwa nikiota nayo. Nikiwa pale Tuwan nilikuwa nikifinyanga ugali chini ya meza usione. Halafu ikaisha. Si wewe ulitaka iishe? Iliisha. Sasa unaniambia niirudie niifanye nini?"

"Unaipenda hii kazi?" nikauliza, nikionyesha cherehani.

"Sijawahi. Kunywa chai, inapoa."

Nikanywa. Nilipoinuka kuondoka nilitaka kumwita kwa lile neno. Nilifungua kinywa likagoma, na yeye alikuwa amekwisha kushika sketi nyingine.

Mvua zilipokuja nilishuka kijitoni. Sijui nilitarajia nini. Udongo upo pale pale, mweusi, unanata vile vile. Nilichota nikakaa chini ya ukingo, mtu mzima mwenye mvi, nikafinyanga ng'ombe. Mwili si kazi, hata miguu ilisimama. Nikatia pembe. Nikamwanika ukingoni mwa baraza, mahali pale. Alipokauka pembe zilipasuka zikaanguka. Nikafinyanga mwingine, nikachanganya majani. Zikaanguka. Nikajaribu majivu, nikajaribu kijiti ndani. Watoto wa jirani walikuja kunitazama, wakaenda zao. Michezo yao iko kwenye simu. Baraza langu lilijaa ng'ombe vibutu, wasio na pembe, na nikasikia kwa mbali sauti ya mtoto ikisema, hao ni nguruwe.

Siku moja mchana nikampigia simu. Cherehani ilikuwa ikilia upande wake.

"Mama," nikasema. Neno likatoka. Sijui lilitokaje.

Cherehani ikanyamaza.

"Mama, zile pembe ulikuwa ukizishikisha na nini?"

Nilimsikia akipumua. Nyuma yake kulikuwa na watu wa sokoni, wakibishana juu ya viatu.

"Sikumbuki, baba," akasema.

Nimejiuliza tangu siku ile kama ni kweli amesahau, au ni siri ile ile aliyowanyima wavulana. Nikiwaza kwamba amenificha, napata faraja kidogo. Lakini niliisikia sauti yake. Alikuwa ametafuta. Alikuwa amerudi huko nyuma kwa dhati, kwa ajili yangu, akatazama kila mahali, na hakukuta kitu.

Kisha cherehani ikaanza tena.